Mchezaji hukauka kabla ya filimbi

Makocha wengi wa timu za vijana huyakumbuka maji pale mchezaji anapoanza kuhema. Ndoo inaletwa, vikombe viwili vinazunguka, kila mtu anabugia, mchezo unaendelea. Kwa maoni yangu maji hayo yamechelewa. Kijana anayecheza mpira mchangani, anayekimbia riadha shuleni au anayeshinda jimu, mara nyingi ameanza kupungukiwa maji tangu asubuhi, na dakika 90 za mchezo zinamalizia tu kazi.

Chukua siku ya mwanafunzi wa sekondari wa Dar es Salaam mwenye mechi saa 10 alasiri. Kaamka saa 11 alfajiri, kanywa kikombe cha chai kwa andazi, kapanda daladala. Shuleni chupa ya maji hana, au anayo na haigusi kwa sababu ataomba ruhusa ya kwenda chooni na mwalimu atanuna. Mchana chipsi na soda. Saa 9 na nusu anafunga kamba za viatu akiwa hajafikisha hata nusu lita ya maji, na jua la Februari limeshamchoma kituoni. Dakika ya 60 akianza kutembea uwanjani, anaambiwa hana pumzi. Pumzi anayo. Damu yake ndiyo imepungua ujazo, kwa hiyo moyo unalazimika kupiga haraka zaidi kufanya kazi ileile, na joto la mwili linapanda upesi kwa sababu damu ya kulipeleka kwenye ngozi haitoshi.

Kipimo cha kwanza hakina gharama: mkojo. Saa 8 mchana kila mchezaji aangalie. Ukiwa wa njano hafifu, kama maji yaliyokamuliwa ndimu kidogo, yuko vizuri. Ukikaribia chai ya rangi, ameanza na deni. Lakini kipimo hiki kina mitego yake. Mkojo wa kwanza wa asubuhi huwa mzito kwa kila mtu, usiutumie kuhukumu. Anayemeza vitamini B komplex atakojoa njano inayong'aa hata akiwa amejaa maji. Na mtu aliyebugia lita nzima kwa mkupuo nusu saa iliyopita atakojoa maji meupe huku mwili wake ukiwa bado haujapata kitu. Figo zimeyatoa tu kwa sababu yamekuja mengi kwa pamoja.

Huo mtego wa mwisho ndio unaoharibu mipango ya wengi. Mwili haujazwi dakika za mwisho. Hesabu inatakiwa ianzie kwenye filimbi na kurudi nyuma. Mililita 5 hadi 7 kwa kila kilo ya uzito, takriban saa nne kabla ya mchezo. Kijana wa kilo 58 anahitaji kati ya mililita 290 na 400, yaani glasi moja kubwa au moja na nusu, saa 6 mchana, pamoja na chakula. Saa 8 aangalie mkojo. Ukiwa bado mzito, aongeze mililita 3 hadi 5 kwa kilo, kwake yeye ni kama mililita 170 hadi 290. Baada ya hapo anywe mafunda machache tu wakati wa kupasha misuli. Chakula kina kazi yake hapa: chumvi iliyomo kwenye mboga, wali au ugali wa mchana ndiyo inayoyashikilia maji mwilini yasikimbilie kibofu. Maji matupu kwenye tumbo tupu hayakai.

Kuhusu wasichana, tatizo mara nyingi ni choo. Timu ya netiboli au ya soka ya wasichana ikipangiwa uwanja usio na choo kinachofungika, wachezaji wanaacha kunywa tangu asubuhi kwa makusudi, na wengine wanaishia kuugua UTI kwa kubana mkojo. Hakuna hotuba ya kocha itakayowabadilisha. Mtu atangulie kukagua choo, aongee na nyumba au msikiti wa jirani, sabuni na maji vipatikane, ndipo azungumzie chupa.

Mizani inajua zaidi kuliko kauli za mtaani

"Kunywa lita tatu kwa siku." "Kunywa glasi nane." Kauli hizi hazijui kama unapima kilo 45 au 85, wala kama unafanya mazoezi Kigamboni saa 9 mchana au Mbeya saa 12 asubuhi. Watu hutofautiana sana kwa jasho: mmoja anatoa nusu lita kwa saa, mwenzake aliye pembeni yake, mazoezi yaleyale, anatoa lita moja na nusu, na wenye miili mikubwa kwenye joto kali wanaweza kufika lita mbili. Njia ya kuujua mwili wako ni kujipima, na kifaa kinachohitajika ni mizani ya betri inayoweza kuonesha tofauti ndogo ya gramu 100. Zile za mshale haziaminiki kwa kazi hii.

Nenda haja ndogo kwanza. Simama kwenye mizani bila viatu, ukiwa umevaa bukta kavu tu. Wasichana wapime kwenye chumba cha faragha wakiwa na nguo nyepesi kavu. Andika uzito. Tumia chupa yako mwenyewe wakati wa mazoezi, ya mililita 500 au 1,000, isiyonywewa na mwingine wala kumwagiwa kichwani, ili mwisho ujue umekunywa kiasi gani. Mazoezi yakiisha, kabla hujanywa wala kula chochote, jifute jasho kwa taulo, vaa bukta nyingine kavu, panda tena kwenye mizani. Kila kilo moja iliyopotea ni takriban lita moja ya maji.

Mfano: kabla ya mazoezi 58.0, baada ya mazoezi 57.1, umekunywa mililita 500, hukukojoa, umecheza dakika 90. Umepoteza gramu 900 kwenye mizani, ongeza zile 500 ulizokunywa: jasho lako ni lita 1.4 kwa saa moja na nusu, yaani karibu mililita 930 kwa saa. Kwa mtu wa kilo 58, asilimia 2 ya uzito ni kilo 1.16, na hapo ndipo kazi ya muda mrefu kwenye joto huanza kuporomoka kwa watu wengi. Ulikuwa ndani ya mpaka kwa sababu ulikunywa. Usingekunywa, ungepoteza asilimia 2.4.

Kinachoharibu kipimo hiki karibu kila mara ni nguo. Jezi na soksi zilizolowa zinabeba jasho la gramu mia kadhaa, kwa hiyo mtu anajiona hajapoteza kitu. Kosa la pili ni kupima mara moja mwezi Julai na kutumia namba hiyo Februari. Pima angalau katika majira mawili, kwenye mazoezi mepesi na kwenye mechi. Uzito ukipanda baada ya mazoezi, umekunywa kupita kiasi, na hilo nitalirudia kwa sababu lina hatari yake.

Baada ya mazoezi, kama kesho kuna mechi nyingine, rudisha lita 1.25 hadi 1.5 kwa kila kilo iliyopotea, kidogokidogo ndani ya saa chache, pamoja na chakula chenye chumvi. Kwa mchezaji wetu ni kati ya lita 1.1 na 1.35. Kiasi kinazidi kilichopotea kwa sababu sehemu yake itatoka kama mkojo. Kama mazoezi mengine ni keshokutwa, usihangaike na hesabu. Kula vizuri, kunywa kwa kiu, mwili utajirekebisha.

Uwanjani

Mpira wa miguu hauna mapumziko ya kila dakika kumi, kwa hiyo maji yatanyweka pale tu yalipo karibu. Chupa zikirundikwa kwenye benchi upande mmoja, beki wa upande wa pili hatafika. Zigawe: nne nyuma ya kila goli, nne kila upande wa mstari wa pembeni, nje ya mstari. Mchezaji anachukua mafunda manne au matano wakati mpira umetoka au mwenzake anatibiwa. Mafunda matano yanakaribia mililita 150. Akifanya hivyo mara mbili kila kipindi na kunywa mililita 200 wakati wa mapumziko, amepata mililita 800 bila tumbo kucheza.

Kwa watoto wa miaka 9 hadi 12, mililita 100 hadi 250 kila baada ya dakika 20 zinatosha. Watoto wa umri huo hawanywi kwa kusahau. Wakiwa kwenye raha ya mchezo hawasikii kiu hadi mechi iishe. Kocha apige filimbi, wote wanywe, kisha waendelee. Vijana wakubwa kwenye joto kali wanaweza kuhitaji lita moja, hata moja na nusu kwa saa, lakini mwongozo wa kweli ni ile namba ya mizani.

Sheria za soka zinaruhusu kusimamisha mchezo: mapumziko ya kunywa maji yasiyozidi dakika moja, na mapumziko ya kupoza mwili ya sekunde 90 hadi dakika tatu. FIFA iliyatumia mapumziko ya kupoza katika Kombe la Dunia la 2014 kule Brazil, kwa kipimo cha nyuzi 32 za WBGT, ambacho kinachanganya joto la hewa, unyevu, mionzi ya jua na upepo. Kwenye ndondo hakuna mwenye kifaa hicho, na hakihitajiki sana. Kama ni Januari, saa 9 na nusu, hakuna upepo na jezi imeng'ang'ania mgongoni kabla hata ya kupasha misuli, manahodha wamfuate mwamuzi kabla ya mechi wakubaliane dakika ya 25 na ya 70. Waamuzi wengi hukubali wakiombwa mapema; wakiombwa katikati ya mchezo na timu inayoongoza, wanaona ni ujanja, na mara nyingine ni ujanja kweli.

Unyevu wa Pwani ndio unaowadanganya wanaotoka bara. Jasho linalopoza ni lile linalokauka juu ya ngozi. Linalodondoka chini ni maji yaliyopotea bure. Mchezaji wa Arusha akishuka Tanga au Mombasa anatoa jasho jingi zaidi na anapoa kidogo zaidi, na mwili huchukua kati ya siku 7 na 14 za mazoezi kwenye joto hilo kuzoea. Anayefika leo kwa mechi ya kesho hana siku hizo, basi apunguziwe dakika. Kujimwagia maji kichwani kunaleta nafuu, lakini hakumpi mtu maji ya mwilini. Kama maji ni machache, yanywewe kwanza. Ya kujimwagia hayahitaji kuwa salama kwa kunywa, yatengewe ndoo yake.

Nini kiwe ndani ya chupa

Mazoezi ya chini ya saa moja: maji. Basi. Kinywaji cha michezo kwa mtu aliyekimbia dakika 35 ni sukari tu ya kununua. Yakizidi saa moja, au kukiwa na mechi mbili siku moja kama inavyotokea kwenye mabonanza, chumvi na sukari kidogo vina maana: sukari inaipa misuli nishati na kusaidia utumbo kuvuta maji, chumvi inarudisha sodiamu inayotoka na jasho. Lita moja ya jasho hubeba wastani wa karibu gramu moja ya sodiamu, ingawa wapo wanaotoa nusu yake na wapo wanaotoa mara mbili. Hao wa mwisho utawajua kwa michirizi myeupe kwenye jezi nyeusi na macho yanayowasha.

Vinywaji hivyo vilianza mwaka 1965 katika Chuo Kikuu cha Florida, Marekani, pale daktari Robert Cade na wenzake walipoichanganyia timu ya chuo maji, sukari na chumvi. Mchanganyiko wenyewe ni wa jikoni. Lita moja ya maji salama, vijiko vinne vya chakula vya sukari vilivyosawazishwa kwa kisu, ambavyo ni karibu gramu 50, na robo kijiko cha chai cha chumvi laini ya mezani, karibu gramu 1.5. Kamulia ndimu moja au tia ukwaju uliochujwa. Koroga hadi sukari iyeyuke kabisa, weka mahali pa baridi, tumia siku hiyohiyo na kinachobaki mwaga.

Mambo matatu huharibika hapa. Kijiko chenye mlima badala ya kilichosawazishwa kinaweza kukaribia kuongeza sukari mara mbili, na sukari ikizidi asilimia 8 hivi, tumbo linachelewa kuyatoa maji, mchezaji anasikia kujaa na kichomi. Chumvi ya mawe haipimiki kwa kijiko. Itwange kwanza au tumia laini. Tatu ni ulimi: kikiwa na chumvi unayoisikia waziwazi, umezidisha, hakitanyweka, na kinywaji kisichonyweka hakina faida hata kikiwa sahihi kwenye karatasi. Kionje ukiwa umetoka jasho, siyo ukiwa umekaa sebuleni, kwa sababu ulimi hubadilika.

ORS ya dukani ni kitu kingine. Mchanganyiko wa Shirika la Afya Duniani una chumvi nyingi na sukari kidogo kuliko kinywaji cha mazoezi: kwa lita moja, gramu 2.6 za chumvi ya kawaida, 13.5 za glukosi, 1.5 za potasiamu kloridi na 2.9 za sitireti. Umetengenezwa kwa ajili ya kuhara. Unafaa kwa mchezaji aliyepoteza kilo mbili na ana mechi kesho asubuhi, au aliyekuwa anaharisha safarini. Soma pakiti imeandikwa imiminwe kwenye maji kiasi gani; pakiti ya lita moja ikikorogwa kwenye chupa ya nusu lita inakuwa nzito mara mbili na inaweza kuvuta maji kuingia utumboni badala ya kuyatoa.

Soda ina sukari ya karibu gramu 10 hadi 11 kwa kila mililita 100. Chupa ya mililita 350 ina kama gramu 37, na gesi yake inajaza tumbo. Baada ya mechi, pamoja na chakula, haina ubaya mkubwa. Wakati wa mapumziko ni kosa. Juisi ya miwa nayo imezidi mpaka huo wa asilimia 8, ichanganye nusu kwa nusu na maji safi, na uangalie mashine na barafu ya muuzaji kabla hujaangalia bei. Madafu ni mazuri sana, yana potasiamu nyingi, ila sodiamu yake ni ndogo, kwa hiyo dafu peke yake halirudishi kile ambacho jasho limetoa kwa wingi. Dafu na karanga za chumvi, hapo sawa.

Energy ndiyo inayonikera. Vijana wanainywa dakika kumi kabla ya mechi kama dawa. Kopo la kawaida la mililita 250 lina kafeini miligramu 80 na sukari kama ya soda. Kafeini kwa kiasi hicho haiukaushi mwili kama inavyosemwa mitaani. Ubaya ni kwamba inaficha uchovu, inapandisha mapigo ya moyo ambayo joto limeshayapandisha, na ikinywewa jioni inaiba usingizi. Madaktari wa watoto wa Marekani wameshasema wazi kuwa watoto na vijana wanaobalehe wasiitumie kabisa, na mimi sioni sababu ya kubishana nao.

Chai, kwa upande mwingine, inaonewa. Watafiti walipowachunguza wakimbiaji wa kiwango cha juu kambini nchini Kenya, na kuchapisha matokeo mwaka 2004, walikuta wanakunywa kwa siku karibu lita moja ya maji na karibu kiasi hichohicho cha chai ya maziwa. Chai inahesabiwa. Uji unahesabiwa. Tikiti maji, ambalo zaidi ya asilimia 90 ni maji, linahesabiwa. Na supu ya asubuhi kwa chapati, baada ya mazoezi ya alfajiri, ni maji, chumvi, protini na wanga kwenye bakuli moja; sijaona kinywaji cha chupa kinachoishinda kwa bei yake.

Wanaokunywa kupita kiasi

Klabu za jogging za Jumapili asubuhi zimezaa tabia mpya: mtu anatembea na kukimbia polepole kwa muda wa saa tatu, jasho lake si jingi, lakini kila kituo ananyweshwa maji kwa sababu ameambiwa asisubiri kiu. Huyo yuko kwenye hatari tofauti na ya beki wa mchangani. Maji yakizidi uwezo wa figo kuyatoa, sodiamu kwenye damu inashuka, chini ya milimoli 135 kwa lita, na seli za ubongo zinavimba. Mwaka 2002 mkimbiaji wa kike wa miaka 28 alifariki baada ya Boston Marathon kwa sababu hiyo. Katika mbio hizohizo watafiti walipima damu za wakimbiaji 488 waliomaliza, wakakuta asilimia 13 sodiamu yao imeshuka chini ya mpaka. Waliokuwa hatarini zaidi ni waliokaa njiani zaidi ya saa nne na waliomaliza wakiwa wazito kuliko walivyoanza.

Tofauti na mshindi ni kubwa. Haile Gebrselassie alishinda Dubai Marathon mwaka 2009 akiwa amepoteza karibu asilimia 10 ya uzito wake. Sisemi kijana aige, maana mwili huo ulijengwa kwa miaka na mbio zile ziliisha kwa zaidi kidogo ya saa mbili; ninachosema ni kwamba kupungua uzito kidogo wakati wa mazoezi siyo ugonjwa, na kuongezeka uzito ni ishara ya kosa. Eliud Kipchoge naye, alipoweka rekodi ya 2:01:09 Berlin mwaka 2022, alikuwa akipokea chupa zake kutoka kwa mtu aliyejipanga mezani kazi yake ikiwa hiyo tu. Kunywa ukiwa mbioni ni ujuzi wa kuzoezwa. Anayetaka kushiriki Kilimanjaro Marathon ya Moshi ajizoeze kunywa mililita 100 hadi 150 kwa mwendo wa mbio kwenye mazoezi ya mwezi mzima, akikunja mdomo wa kikombe cha karatasi ili maji yasimwingie puani.

Dalili za maji kuzidi zinafanana na za kupungukiwa: kichwa kuuma, kichefuchefu, kulegea, kuchanganyikiwa. Kinachotofautisha ni maswali. Amekunywa chupa ngapi? Pete inambana? Vidole vimevimba? Amekuwa akikojoa meupe? Majibu yakiwa ndiyo, usimpe maji zaidi. Akichanganyikiwa au kupata degedege ni hospitali mara moja, na wahudumu waambiwe amekunywa maji mengi, ili sodiamu ipimwe kabla ya kutundikiwa dripu.

Ramadhani, kupunguza uzito, na vidonge

Kwa wanaofunga, mazoezi magumu yahamie usiku, saa moja na nusu au mbili baada ya futari, au yafanyike mepesi dakika 40 za mwisho kabla ya maghribi ili maji yawe karibu. Tende tatu, glasi mbili za maji, uji. Kisha glasi moja kila saa mpaka kulala, na mbili wakati wa daku. Kubugia lita moja na nusu dakika ya mwisho kabla ya adhana kunakuamsha chooni tu.

Mabondia na wanaojitoa jasho kwa suti za nailoni ili wafikie uzito, hapa sina lugha laini. Mwaka 1997 wanamieleka watatu wa vyuo vya Marekani walikufa ndani ya wiki chache kwa kufanya hivyohivyo: nguo zisizopitisha hewa, vyumba vya joto, bila kunywa. Nailoni inazuia jasho kukauka, mwili unapika. Kama uzito hautoshi kwa chakula na muda, panda daraja.

Kisha diklofenaki. Imezoeleka sana: goti linauma, kidonge kabla ya mechi. Mwili uliokauka hutegemea kemikali fulani kuendelea kupeleka damu kwenye figo, na dawa za kundi hilo, ibuprofeni ikiwemo, zinaizuia kemikali hiyo. Kidonge, jua na ukavu vikikutana, figo ndiyo inayolipa. Mkojo ukigeuka rangi ya kola baada ya mazoezi makali, na misuli imekaza na kuuma kupita kawaida, ni hospitali siku hiyohiyo. Kwa wenye sikoseli, na hata wabebaji wa AS, yaani waliorithi jeni moja tu ya ugonjwa huo, ambao siku zote huwa wazima, ukavu na joto vinaweza kuzigeuza seli za damu umbo katikati ya mazoezi ya nguvu. Mchezaji anayejua hali yake amwambie kocha, aanze mazoezi taratibu, na akisema misuli imeisha nguvu asilazimishwe raundi ya mwisho.

Akianguka kwa joto, akaongea ovyo au asijue yuko wapi, mpoze kwanza ndipo umsafirishe. Kivulini, vua jezi na viatu, mmwagie maji mfululizo, funika mwili kwa kanga zilizolowekwa kwenye maji ya barafu na uzibadilishe kila zinapopata joto, mpepee. Kama kuna karai au pipa la kumtosha, mtumbukize hadi kifuani huku mtu akimshika kichwa. Usimnyweshe asiye na fahamu kamili. Gari la kumpeleka liitwe wakati huohuo, na kumpoza kuendelee njiani.

Limebaki la ndoo na kikombe kimoja. Mikono ishirini ikichota kwenye ndoo moja, mmoja mwenye tumbo la kuharisha anatosha kuimaliza timu, na kipindupindu hakichagui msimu wa ligi. Ndoo iwe na koki na mfuniko. Maji yachemshwe hadi yatokote dakika moja nzima, au yatiwe dawa ya klorini kwa kipimo cha pakiti na kusubiri dakika 30. Maji ya kandoro yanayouzwa pembeni ya uwanja sijui yalichotwa wapi, wala anayeyauza mara nyingi hajui. Kila mchezaji awe na chupa yenye jina lake, ioshwe kwa sabuni na brashi kila siku, na mara moja kwa wiki ilowekwe dakika chache kwenye lita ya maji yenye kijiko cha chai cha jiki isiyo na manukato, kisha isuuzwe vizuri na kuanikwa wazi. Ukifungua mpira ulio ndani ya kifuniko utaona kama kuna ute mweusi. Ukisugua na usitoke, badilisha kifuniko.